Hotuba au mpangilio: ni nini hasa kiliwapa nguvu viongozi wa haki za kiraia wa Marekani?

Mwalimu_Mlandizi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari na kusimamia klabu ya midahalo. Wiki iliyopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walisoma kwa zamu, mbele ya darasa, tafsiri ya Kiswahili ya hotuba aliyoitoa Martin Luther King Jr. mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963. Waliisoma vizuri mno, kwa sauti za kupanda na kushuka kama wahubiri, hata mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani. Walipomaliza, msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akauliza: "Mwalimu, kesho yake walifanya nini?"

Nilimjibu juu juu kwamba mwaka uliofuata sheria ya kupiga marufuku ubaguzi ilipitishwa. Alinyamaza kwa adabu, lakini nilijua hakuridhika, na mimi mwenyewe sikuridhika. Vitabu vyetu vinasimulia habari hii kana kwamba mtu mmoja alisimama, akasema maneno matamu, na ubaguzi ukaanguka kama tunda lililoiva. Naomba wanaoijua historia hiyo kwa undani wanieleze uhusiano uliokuwapo kati ya maneno ya viongozi wale na mbinu zao. Pia ningependa kufahamu kwa nini King na Malcolm X, waliozungumzia dhuluma ile ile, walisema kwa namna zilizotofautiana kiasi kile. Majina na tarehe ninazo. Ninachokosa ni maelezo ya jinsi mambo yalivyofanyika.

Kitabu_Wazi alijibu:

Mwalimu, huyo msichana ameuliza swali ambalo wengi wetu tulisoma hadi chuo kikuu bila kuliuliza. Mimi ningemjibu kwa kumrudisha nyuma karibu miaka minane kabla ya Washington, hadi Montgomery, Alabama, usiku wa Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955.

Jioni hiyo Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Kabla hakujapambazuka, Jo Ann Robinson, mhadhiri wa chuo cha watu weusi mjini humo na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake, alikuwa chuoni pamoja na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakiendesha mashine ya kudurufu usiku kucha na kutoa makumi ya maelfu ya vipeperushi. Maandishi yenyewe yalikuwa mafupi: mwanamke mwingine mweusi amekamatwa na kutiwa ndani, Jumatatu msipande basi. Tazama neno "mwingine". Miezi tisa nyuma, Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alikuwa amekamatwa kwa kosa hilo hilo, na msomaji wa kipeperushi alilijua jambo hilo bila kukumbushwa. Tena wanawake hao hawakuanza kufikiri usiku ule, kwa maana tangu Mei 1954 Robinson alikuwa amemwandikia meya barua ya kumtahadharisha kwamba watu walikuwa wakizungumzia kususia mabasi.

King hadi hapo hayumo. Alikuwa mchungaji wa miaka 26, mgeni mjini, aliyechaguliwa kuongoza mgomo mchana wa Jumatatu, kisha akapata muda usiofika nusu saa wa kuandaa hotuba ya jioni katika kanisa la Holt Street. Baadaye aliandika kwamba kilichomsumbua katika dakika zile ni namna ya kuwatia watu ari ya kutenda bila kuwatia chuki.

Sasa ndipo kesho yake inapokuja. Mgomo ulidumu siku 381. Watu walitakiwa kufika kazini kila asubuhi, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ndani waliokaa mbali na nyumba za waajiri wao. Mwanzoni madereva weusi wa teksi waliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mpaka serikali ya mji ilipowabana kwa sheria ya nauli isiyopungua senti 45. Ndipo ukaundwa mfumo wa lifti wenye magari ya watu binafsi yapatayo mia tatu, vituo vya kuchukulia abiria, ratiba na waratibu. Makanisa yakanunua magari makubwa na kuyaandika majina yao ubavuni. Kampuni za bima zilipoyafutia bima magari hayo, waratibu walimtumia wakala mweusi wa Atlanta hadi wakapata bima kutoka Lloyd's ya London. Fikiria jambo hilo kwa makini: mgomo wa mji mmoja wa Alabama ulinusurika kwa hati iliyotolewa ng'ambo ya Atlantiki.

Mikutano ya usiku ilihamahama kutoka kanisa moja hadi jingine, ikiwa na nyimbo, sala, taarifa ya michango, matangazo ya vituo vya lifti, na mwishoni hotuba. Aliyekuwa akiisikiliza hotuba hiyo alikuwa na miguu iliyovimba, na saa chache baadaye alitakiwa kuamka na kutembea tena. Kazi ya hotuba ilikuwa kumwamsha asubuhi. Ukiitenga na asubuhi hiyo, unabaki na maneno mazuri tu, na nadhani ndilo pengo alilolihisi mwanafunzi wako. Ushindi wenyewe, tusisahau, ulikuja kupitia mahakamani, katika kesi ya wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Novemba 1956.

Bi_Mkunazini alijibu:

Ndugu Kitabu_Wazi amesema kweli, ila ninaogopa tusije tukayadharau maneno kwa kuyatetea magari. Mimi ni mwalimu wa fasihi, basi nitasimama upande wa balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi.

Mwalimu, katika hotuba ile ya Washington shule nyingi hukimbilia sehemu ya ndoto. Waambie wanafunzi waanze na sehemu ya hundi. King alisema kwamba waliojenga taifa la Marekani walitia saini ahadi ya haki kwa kila mtu, na kwamba watu weusi walipoipeleka hundi hiyo benki ilirudishwa, eti salio halitoshi. Kisha akasema hawakubali kuamini kwamba benki ya haki imefilisika. Maudhi ya kuambiwa kwamba salio halitoshi tunayajua sote. Uzuri wa sitiari hii ni kwamba inambadilisha msemaji mahali pake: haombi hisani, bali ni mdai aliyekuja na hati mkononi, na aibu yote inahamia kwa mdaiwa. Inafaa pia kujua kwamba jina rasmi la maandamano ya siku ile lilitaja ajira kwanza na uhuru baadaye; hundi haikuwa pambo, iligusa mfuko.

Sehemu ya ndoto haikuwamo katika maandishi aliyokuwa nayo mbele yake. Mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu, alimpazia sauti awaeleze watu habari za ndoto, naye akayaacha maandishi. Lakini tusidhani alibuni papo hapo, kwani Juni ya mwaka huo huo alikuwa ameitumia ndoto hiyo Detroit. Alifanya anachofanya malenga wetu, anayepanda jukwaani na beti zilizokwisha kukomaa kifuani na kuchagua ipi itoke kwa kuisikiliza hadhira. Makanisa ya weusi ya Kusini yalimlea katika desturi hiyo: mhubiri hutoa, waumini huitikia, na takriri humpa kila mtu nafasi ya kujua lini aitikie. Ndiyo maana takriri zake hazichoshi masikioni ijapokuwa kwenye karatasi zinaweza kuonekana nyingi.

Kazi yake iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni barua aliyoiandika gerezani Birmingham, Alabama, yenye tarehe 16 Aprili 1963. Aliianza pembezoni mwa gazeti, akiwajibu wachungaji na viongozi wa dini wanane wazungu waliomtaka avute subira. Hao hawakuwa wabaguzi wa kupiga watu. Walikuwa watu wa wastani, na ndio aliotaka kuwakosesha usingizi. Ndani yake mna sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, iliyojengwa kwa kurudiarudia sharti moja. Kiswahili kinaibeba vizuri kuliko lugha nyingi kwa sababu ya -po- yetu: unapoona, unapojikuta, unapolazimika. Unapojikuta ulimi mzito, ukimweleza binti yako wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo iliyotangazwa kwenye televisheni. Msomaji anangoja kitenzi kikuu, hakiji. Anaongezewa "unapo" nyingine na nyingine, mpaka mwisho kabisa anapoambiwa kwamba hapo ndipo atakapoelewa kwa nini ni vigumu kungoja. Anayewaambia wenzake wasubiri amesubirishwa na sarufi yenyewe.

Katika sentensi hiyo hiyo analalamika kwamba mke na mama wa mtu mweusi hawaitwi kamwe kwa jina la heshima. Sisi wa pwani tunalielewa hilo bila tafsiri. Mtu mzima kuitwa jina lake tupu na asiyemjua ni kuvuliwa nguo hadharani. Na halikubaki kuwa lalamiko la barua. Juni 1963, katika mahakama ya Gadsden, Alabama, mwanaharakati Mary Hamilton alikataa kujibu maswali mpaka aitwe Bi Hamilton, kama mashahidi wazungu walivyoitwa. Hakimu alimtia hatiani kwa kuidharau mahakama, siku tano na faini ya dola 50. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo. Kwa mwanamke huyo ukimya ulikuwa ndiyo hotuba.

Mwanaisimu_Kisumu alijibu:

Nawashukuru waliotangulia, ingawa naona tumekaa sana kanisani. Swali la pili la mwalimu halijaguswa.

Malcolm X hakuwa akisema na watu wale wale. King alisema na Wakristo wa Kusini huku akijua kwamba wazungu wa Kaskazini wanasikiliza nyuma ya mlango. Malcolm alisema na watu weusi wa mitaa ya Harlem, Detroit na Chicago, ambako hapakuwa na kibao cha "wazungu tu" cha kung'olewa, bali kodi ya nyumba, polisi na ukosefu wa kazi. Huwezi kumwambia mtu wa aina hiyo akae kwenye kaunta kudai huduma, kama wanafunzi wa Kusini walivyofanya, katika mkahawa ambao tayari unamuuzia chai. Kwa hiyo balagha yake ni ya baraza na ya mahakama: anauliza, anajibu, anadhihaki, anafafanua neno, watu wanacheka, na katikati ya kicheko wanagundua kwamba wamekubali jambo zito.

Chukueni mfano wake wa Novemba 1963 kule Detroit, wa mtumwa wa nyumbani na mtumwa wa shambani. Bwana akiugua, yule wa nyumbani humuuliza, "Vipi bwana, tunaumwa?" Kwa Kiswahili kejeli yote inakaa katika silabi moja, "tu". Nyumba ya bwana ikishika moto, wa nyumbani huhangaika kuizima kuliko mwenyewe, na wa shambani huomba upepo. Hakuna aliyetoka ukumbini bila kujiuliza yeye ni nani kati ya hao wawili. Hotuba yake ya Aprili 1964, aliyoitoa Cleveland na kisha Detroit, tumezoea kuitafsiri "kura au risasi", tafsiri iliyo sahihi lakini bubu, kwa sababu katika Kiingereza maneno hayo mawili, ballot na bullet, huanza kwa sauti moja. Mimi huwaambia wanafunzi wangu "karatasi au risasi", na mlio unarudi. Na wasomeni wote wawili, karatasi kwanza: sehemu kubwa ya hotuba hiyo ni somo la hesabu za kura na jinsi wabunge wa Kusini walivyolishika Bunge la Marekani.

Mbinu aliyoitafuta mwaka huo ilikuwa kulitoa suala hili katika haki za kiraia, ambazo ni ugomvi wa nyumbani kwa Marekani, na kulifanya la haki za binadamu, linaloweza kupelekwa Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana alikwenda Cairo Julai 1964 wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Oktoba akawa Dar es Salaam, alikoonana na Mwalimu Nyerere. Huku Nairobi alikutana kwa bahati na John Lewis, kiongozi wa kamati ya wanafunzi waliofuata njia ya kutotumia nguvu. Kwao hawakuwa wakikaa meza moja, na huku wakakaa na kuzungumza.

Kwetu Kisumu tuna sababu nyingine ya kujivuna. Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga alipopita Atlanta, vijana wa kamati hiyo walikwenda kumwona hotelini, wakatoka hapo wakaenda kwenye mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma na kukamatwa. Walitunga wimbo wenye jina lake, na neno uhuru limo ndani yake kama lilivyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Desemba 1964, uliimbwa kanisani Harlem, Malcolm akasimama baada yake na kusema ulivyomgusa.

Siku hiyo jukwaani alikuwapo pia Fannie Lou Hamer, na huyu ndiye ningewapa wanafunzi wako, mwalimu, kabla ya wote. Alikuwa mtoto wa ishirini wa wazazi waliolima pamba Mississippi kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Tarehe 22 Agosti 1964, mbele ya kamati ya chama cha Democratic, alizungumza kwa dakika chache bila kusoma popote. Alianza na jina lake na anwani yake, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Akaeleza kwamba tarehe 31 Agosti 1962 watu kumi na wanane walisafiri maili 26 kwenda kujiandikisha kupiga kura, kwamba usiku huo huo alifukuzwa shambani, na jinsi alivyopigwa ndani ya jela ya Winona. Hakuna sitiari hata moja ya kukumbukwa. Rais Johnson aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari ili kamera zimwache mama huyo. Jioni televisheni zikaurusha ushuhuda wake, na watu wengi zaidi wakauona.

Nina dukuduku moja kwa Kitabu_Wazi. Mbinu ya King na wenzake ya kuteseka mbele ya kamera bila kurudisha kipigo inamtegemea mtesaji akubali kuigiza sehemu yake. Akikataa je?

Kitabu_Wazi alijibu:

Dukuduku hilo ni la haki, na lilitokea kweli. Mwaka 1961 na 1962 kule Albany, Georgia, mkuu wa polisi Laurie Pritchett alisoma jinsi wenzake wanavyofanya kazi, akawaamuru askari wasimpige mtu mbele ya waandishi, na akapanga nafasi katika jela za wilaya jirani ili jela yake isijae. Mamia walikamatwa kwa upole, magazeti yakakosa picha, King akaondoka mikono mitupu. Hotuba zilikuwa nzuri vile vile.

Birmingham waliingia wakiwa na somo hilo. Wyatt Tee Walker, msaidizi wa King, alikwenda mwenyewe kupima muda ambao kijana na mzee wangetumia kutoka kanisani hadi madukani. Walichagua msimu wa manunuzi ya Pasaka, ili wafanyabiashara wahisi kususiwa, na mji ambao kamishna wake, Bull Connor, hakuwa na subira ya Pritchett. Hata hivyo watu wazima waliokuwa tayari kufungwa walipungua, na barua anayoisifu Bi_Mkunazini bado ilikuwa haijasomwa na wengi. Tarehe 2 Mei James Bevel, mwenzake King, aliwatoa watoto wa shule kuandamana. Siku iliyofuata Connor akawafungulia mipira ya maji ya zimamoto na mbwa. Wiki moja baadaye makubaliano yalitangazwa. Malcolm alilaani kuwatanguliza watoto, na sikubali kwamba alikosea kabisa. Mimi mwenyewe ni mzazi, na kila nikiziona picha hizo najiuliza kama ningemruhusu wangu.

Tena kuna balagha fupi kuliko zote tulizozitaja. Tarehe 19 Aprili 1960, baada ya nyumba ya wakili wa wanafunzi waliokuwa wakikalia kaunta za wazungu tu kulipuliwa kwa bomu, maelfu ya watu waliandamana kimya hadi ofisi ya meya wa Nashville. Diane Nash, mwanafunzi wa miaka 21, alimuuliza meya kama yeye, akiwa mtu, anaona ni makosa kumbagua mtu kwa rangi yake tu. Mbele ya umati ule meya alijibu kwamba ndiyo, ni makosa. Mei 10 kaunta za mikahawa ya katikati ya mji zikaanza kuwahudumia watu weusi. Swali lile halikuangukia tu mdomoni mwa binti huyo. Nyuma yake palikuwa na miezi ya mazoezi chini ya James Lawson, mchungaji aliyewahi kuishi India na kuchunguza njia za Gandhi. Wanafunzi walijifanya wateja, wengine wakajifanya wahuni, wakawatukana wenzao, wakawapulizia moshi wa sigara na kuwasukuma vitini, mpaka kila mmoja ajue mwili wake utafanya nini siku ya siku.

Mwalimu_Mlandizi alijibu:

Nawashukuru nyote, hasa kwa "tunaumwa" na kwa hundi iliyorudi. Jumatano nitapanga madawati kama kaunta ya mkahawa na kuwaweka wanafunzi wachache waketi, wengine wawe wahuni, kisha nisome sehemu ya barua ya Birmingham. Mnaona linafaa, au nitaleta vurugu shuleni?

Kitabu_Wazi alijibu:

Linafaa, ila waweke sharti la kubadilishana nafasi, aliyekuwa mhuni naye aketi. Wabandikie ubaoni kanuni ambazo wanafunzi wa Nashville walizibeba mfukoni: usirudishe kipigo wala tusi, usicheke kwa sauti, keti wima, uso uelekee kaunta. Hiyo ya kucheka ndiyo itakayowashinda vijana wako.

Na msichana wa nyuma usimketishe kaunta. Tarehe 27 Februari 1960, kila kundi lilipokamatwa Nashville, kundi jingine liliingia na kukalia viti vile vile, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekwisha kupanga nani anafuata. Mpe yeye orodha ya majina na kalamu.